Muuza ndagala wa Rusizi aliyeshuka chini ya bahari

Na Mwandishi Wetu, Butare, Rusizi

Ofisa uhamiaji wa Tanzania pale Rusumo aliuliza swali la kawaida: mnakwenda wapi, kufanya nini? Nikajibu haraka, "Mafia, tunakwenda kuzamia." Akanyanyua macho kutoka kwenye pasipoti zetu mbili, akanitazama, kisha akamtazama shangazi yangu aliyejifunga kitenge na kukumbatia mkoba wake. "Kuzamia na mama mtu mzima hivi? Mnazamia Sauzi au Uarabuni?" Foleni nzima nyuma yetu ikacheka.

Kosa lilikuwa langu. Kwa Watanzania mzamiaji ni kijana anayejificha melini ili atoroke kwenda ng'ambo bila hati. Mimi nilimaanisha kuvaa mtungi wa hewa mgongoni, kushuka chini ya bahari kutazama samaki, kisha kurudi juu kunywa chai. Nilipomweleza hivyo ofisa aliniangalia kama mtu aliyekosa matumizi ya fedha zake, akagonga muhuri. Ilikuwa Novemba 2024, Rwanda ilikuwa haijatangaza kumalizika kwa Marburg, kwa hiyo tulipimwa joto la mwili pale mpakani.

Niwaeleze kwanza shangazi ni nani. Anaishi Butare. Si ule mji wa chuo kikuu ambao siku hizi unaitwa Huye, bali umurenge wa Butare wilayani Rusizi, juu milimani, upande wa msitu wa Nyungwe na Burundi. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameuza samaki wakavu. Sambaza wa Ziwa Kivu aliwavusha Rusizi ya Kwanza kwenda Bukavu, na ndagala wa Ziwa Tanganyika aliwapokea kutoka Burundi kupitia Ruhwa na kuwauza soko la Bugarama. Shahada yangu ya chuo kikuu ilinunuliwa kwa ndagala hao. Marehemu baba yangu alikuwa kaka yake, na alipofariki, ada ilibaki juu ya kichwa cha shangazi, pamoja na beseni.

Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Wasomaji wa Rusizi hawahitaji kukumbushwa. Ndagala wa kupitia Ruhwa wakakatika siku moja. Halafu Tanzania ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hata waliokuwa wakizunguka kupitia Kigoma wakakosa mzigo. Ongeza hapo kufungwa kwa uvuvi wa sambaza Ziwa Kivu, jambo ambalo serikali yetu hulifanya kila mwaka kwa takriban miezi miwili. Mwezi Septemba nilimkuta shangazi amekaa nyumbani mchana, kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe.

Alikuwa amesikia habari za dagaa wa bahari. Wacongomani wa Bukavu walimwambia kwamba dagaa wa Zanzibar na wa pwani ya Tanzania wanapakiwa kwa malori hadi Kongo. Alitaka kuwaona kwa macho yake kabla hajaweka mtaji. Nami nilikuwa na likizo, akiba kidogo, na deni ambalo halijaandikwa popote. Nikamwambia: twende Mafia, wewe utazame dagaa, na mimi nikupeleke ukaone wanakotoka.

Hakuelewa sehemu ya pili, na mimi sikuifafanua. Nilijua jibu lake. Mdogo wake wa mwisho, baba yangu mdogo, alikuwa mvuvi wa sambaza Kivu, mmoja wa wale wanaofunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kutoka usiku na taa. Usiku mmoja nilipokuwa darasa la tatu hakurudi. Tangu hapo shangazi ananunua samaki ufukweni akiwa amesimama kwenye mchanga mkavu. Miguu yake haigusi maji.

*

Safari ya basi kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,400, na wengi wenu mnaijua kuliko mimi. Kwenda Mafia kuna njia mbili. Ya kwanza ni ndege ndogo kutoka Dar, takriban nusu saa. Ya pili ni gari hadi bandari ya Nyamisati, kisha chombo cha majini cha saa kadhaa hadi Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Tuliamua kwenda kwa chombo na kurudi kwa ndege, maana shangazi alitaka kupanda ndege angalau mara moja. Katika chombo alikaa katikati kabisa, juu ya gunia la mchele wa mtu mwingine, macho kayafumba, na midomo yake ikisali.

Kilindoni tulifanya kwanza kilichotuleta. Dagaa wa huko huchemshwa kwenye maji ya chumvi muda mfupi, kisha huanikwa juani. Shangazi alivunja mmoja kwa meno, akamnusa, akasugua tumbo lake kwa kidole gumba. Akauliza wanachemsha kwa kuni gani na wakati wa mvua wanakausha vipi. Wenyeji walimwamkia "shikamoo mama," naye mara ya kwanza akajibu "aksanti," kisha nikamnong'oneza, na tangu hapo akawa anajibu "marahaba" kwa sauti ya mtu aliyepewa cheo. Kwa wanaofikiria biashara hii: ulizeni mapema kibali cha kusafirisha samaki na hati ya afya, maana risiti ya muuzaji peke yake haitoshi mpakani. Na utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo unahusu mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, tena kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha. Angalieni orodha kabla ya kupakia.

Kisha tukavuka kisiwa hadi Utende, upande wa mashariki, penye Ghuba ya Chole. Hapa ndipo penye nyumba za wageni wanaokuja kuzamia, nyingi ndogo, vibanda vya makuti vinavyotazama maji. Ukiona picha za visiwa vya Karibiani kwenye matangazo ya ndege, mchanga mweupe, mashua moja na mzungu mmoja kwenye kitanda cha kamba, basi ni hivyo hivyo, ila huku adhana inasikika na mihogo inachemka. Eneo hili limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa 1995 na yenye kilomita za mraba 822. Ndani yake wanaishi watu, katika vijiji na visiwa kama Chole, Juani na Jibondo, na wanavua. Hawakuhamishwa. Kilichofanyika ni kugawa maji: sehemu ambazo havuliwi kabisa, sehemu ambazo wenyeji tu wanavua kwa zana zilizoruhusiwa, na sehemu nyingine.

Bei ilitugonga. Kushuka mara moja na mwalimu, kwa mtu wa mara ya kwanza, hutakupata kirahisi chini ya dola 50, na ada ya hifadhi iko pembeni. Nyumba tuliyofikia ilituandikia bei ya wageni wa mbali, sawa na Mjerumani wa chumba cha jirani. Nilitoa pasipoti zetu zenye maneno "Jumuiya ya Afrika Mashariki" kwenye jalada. Katika hifadhi za taifa za nchi kavu za Tanzania, raia wa nchi za Jumuiya ana bei yake kwa shilingi. Mhudumu alisema mfumo wake una wateja wa aina mbili tu, Mtanzania na mgeni. Shangazi hakupandisha sauti. Alivuta kiti, akaketi, akaanza kupatana kama anavyopatana Bugarama, polepole, akiuliza habari za watoto, na baada ya dakika arobaini tukalipa bei iliyo katikati. Bado nina hasira kidogo. Jumuiya tuliyojiunga nayo 2007 haikuwa imefika kwenye daftari lile.

*

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Mafia, mtoto wa mvuvi. Alianza na karatasi ya maswali: una pumu? Moyo? Shinikizo la damu? Umewahi kufanyiwa upasuaji wa masikio? Una mafua sasa hivi? Shangazi, mwenye miaka 44, alijibu hapana kwa yote. Mimi nilidanganya kwenye mafua. Basi la Dar lina kiyoyozi kikali.

Halafu akaeleza hesabu, na hapa ndipo nilipomwona shangazi anaanza kusikiliza. Mtungi wa lita 12 umeshindiliwa hewa hadi kipimo cha 200. Ukizidisha unapata lita 2,400 za hewa ya kawaida. Huo ndio mtaji wako. Juu ya maji ungekaa nao muda mrefu. Lakini kila mita 10 unazoshuka, uzito wa maji unaongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu ya bahari, kwa hiyo kwenye mita 10 kila pumzi inakula mara mbili. Anayeogopa huhema haraka na kumaliza mtaji mapema. Kipimo kikifika 50 unarudi, hata kama mbele kuna samaki wa dhahabu.

"Kwa hiyo hofu ndiyo inakula faida," shangazi akasema.

"Ndiyo mama. Na sheria kubwa kuliko zote: usizuie pumzi. Hewa iliyo mapafuni ukipanda inatanuka. Pumua tu, muda wote."

Kuna sheria nyingine ambayo iligusa mifuko yetu. Chini ya shinikizo, naitrojeni ya hewani huyeyuka ndani ya damu. Ukipanda ghafla inatoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa nguvu, na mapovu hayo yanaweza kukupoozesha au kukuua. Ndiyo maana wazamiaji hupanda taratibu na husimama dakika tatu kwenye mita tano. Na ndiyo maana hupandi ndege siku hiyo: baada ya kushuka mara moja unasubiri angalau saa 12, ukishuka mara kadhaa 18. Kupanda milima mirefu ni vilevile. Ndege yetu ilikuwa saa tisa alasiri ile ile. Nilikuwa sikusoma.

Mfano wa soda, sisi wa Kivu tunaujua kuliko mtu yeyote. Ziwa letu, lenye kina cha mita zaidi ya 470, limebeba chini yake gesi ya kaboni na methani kwa wingi wa kutisha, zimebanwa na uzito wa maji. Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana kwa Kivu, lilifunguka kama chupa mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Kule Karongi methani ya Kivu inavunwa kuzalisha umeme. Samaki wetu wanaishi kwenye tabaka la juu tu, kama mita 60 za kwanza, maana chini ya hapo hakuna oksijeni. Kivu ni duka lenye rafu moja. Hata sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Nilimweleza shangazi hayo usiku, akanyamaza kidogo, akauliza kama baba yangu mdogo alishuka hadi kwenye gesi. Sikuwa na jibu.

Asubuhi alitangaza kwamba ndege iende. Atashuka.

*

Mashua ilikuwa ya mbao, iliyojengwa kisiwani, yenye injini. Maji yalikuwa yanajaa, wakati mzuri, kwa sababu maji ya kujaa huleta maji safi kutoka bahari kuu kupitia mlango wa ghuba. Tulivaa suti za mpira, mikanda ya risasi, makoti ya kuelea. Shangazi alivaa yake juu ya leso aliyokataa kuivua.

Mimi nilifika mita tatu. Masikio yakauma kana kwamba mtu amepigilia misumari. Nilibana pua na kupuliza kama nilivyofundishwa, hakuna kitu. Mafua. Mwalimu akanionyesha kidole gumba cha juu, maana yake panda. Nikapanda, nikakaa kwenye ubao wa mashua nikitoka damu kidogo puani, mwandishi wa habari mwenye shahada, na chini yangu shangazi asiyejua kuogelea akaendelea kushuka akiwa ameshikwa mkono.

Dakika thelathini na tano. Nahodha alinionyesha mapovu yao. "Tazama pale, yakitoka yako mawili mawili basi wote wanapumua." Nikayahesabu. Kuna wakati upepo ulitikisa maji na nikayapoteza, na katika ule muda mfupi nilimwona bibi yangu, mama yake, nikimweleza kwamba nimempoteza mtoto wake wa tatu kwa maji na kwamba wazo lilikuwa langu. Kisha yakarudi, mbali kidogo. Nahodha alikuwa anamenya chungwa.

Alipotoka alishika ngazi na hakupanda. Alivua kipumulio, akatapika maji ya chumvi, akacheka, akalia kidogo, vyote pamoja. Maneno yake ya kwanza yalikuwa kwa Kiswahili cha Bukavu, anachokitumia akisahau kuwa makini: "Wale samaki hawakimbiake!"

Ndilo lililomshangaza. Aliona makundi ya samaki wa manjano na wa buluu, kasa aliyekuwa anakula, samaki mkubwa chini ya jiwe aliyemtazama usoni na kubaki pale pale. Hifadhi ina aina zaidi ya 400 za samaki. Kivu ina kama 30. Lakini wingi si kitu kwa mtu aliyekaa sokoni miaka ishirini. Kilichomshika ni kwamba hawakuogopa mkono. Mwalimu akamweleza kwamba pale walipokuwa havuliwi. Na samaki haujui mpaka. Akikua, akijaa, anatoka na kwenda upande ambao wavuvi wanaruhusiwa. Baba yake, alisema, alipinga hifadhi mwanzoni kwa sababu alinyang'anywa mwamba wake bora. Pwani hii iliteseka kwa baruti miaka mingi. Mlipuko mmoja hukupa mtumbwi wa samaki na kukuachia kifusi ambacho matumbawe hayataki kuotea. Bado yapo manung'uniko, na nadhani yana haki: fedha za wageni haziwafikii wavuvi wote sawa, na aliyefungiwa mwamba leo hawezi kumlisha mtoto kwa samaki wa mwaka kesho. Bahari yenyewe ina maradhi yake pia. Joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya hapa, na hakuna askari wa doria anayeweza kulikamata.

Huko Karibiani kuna kisiwa kidogo cha Bonaire, chini ya Uholanzi, kilichoweka hifadhi kuzunguka fukwe zake mwaka 1979, hadi kina cha mita 60. Kila mzamiaji hulipa ada inayoendesha hifadhi, na kisiwa kinaishi kwa kiasi kikubwa kwa wageni hao. Nilimsomea shangazi hayo usiku kwenye simu. Akauliza Bonaire wanakula nini. Nilipomwambia vyakula vingi huletwa kwa meli, akasema basi hao wana wageni lakini hawana soko.

Kesho yake, kutoka Kilindoni, tulimwona potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa asiye na madhara ambaye huja kati ya Oktoba na Machi kula vijidudu vya majini karibu na mdomo wa Rufiji. Shangazi alikataa kuingia majini. Alisema moja kwa safari inatosha, na kwamba yule anafanana na basi.

*

Nauli ya ndege haikurudishwa. Tulirudi kwa chombo hadi Nyamisati na kwa basi hadi Mbagala, shangazi safari hii amekaa ukingoni, mkono mmoja nje, vidole vikipokea matone.

Wiki mbili baadaye niliandamana naye kwenye mkutano wa wauza samaki Kamembe, kuhusu kufungwa kwa uvuvi Kivu. Malalamiko yalikuwa yale yale ya kila mwaka: tunafunga sisi, na upande wa pili je? Shangazi hulalamika kwa sauti kuliko wote. Safari hii alisimama na kuuliza kitu kingine: kwa nini tunafunga ziwa lote kwa miezi miwili, badala ya kufunga pembe kadhaa kwa mwaka mzima, pande zote mbili, na kuwaacha watu wavue kwingine? Mtaalamu aliyekuwepo alieleza kwamba sambaza huzunguka kwa makundi kwenye maji ya wazi, hawakai kwenye mwamba kama samaki wa matumbawe, ingawa fukwe wanazotagia ni habari nyingine. Shangazi akamwomba ataje fukwe hizo kwa majina. Mtaalamu akataja mbili, akasema zingine atazileta mkutano ujao. Katibu akaandika. Nimeweka tarehe ya mkutano huo kwenye simu yangu.

Magunia mawili ya dagaa wa Mafia yalifika Bugarama siku tisa baada yetu. Wateja wanalalamika kwamba wana chumvi mno. Shangazi anawaambia waloweke usiku kucha, wamwage maji ya kwanza, na wasimfundishe yeye habari za bahari.